Pale pale New Harmony: kwa nini Wajerumani wa dini walidumu na Robert Owen akashindwa

Swali nalifupisha kwa wale ambao hawakuliona. Mkuu mmoja anauliza: kule Indiana, Marekani, kuna mji walioujenga Wajerumani wa dini mwaka 1814, wakakaa miaka kumi wakatajirika, halafu wakamuuzia Robert Owen, yule mwenye viwanda vya nyuzi wa New Lanark kule Uskoti, aliyetaka kujenga jamii ya usawa bila dini, na ndani ya miaka miwili kila kitu kikaparaganyika. Ardhi ile ile, nyumba zile zile, viwanda vile vile. Sasa je, ni Mungu tu aliwabariki hao wa kwanza au kuna siri nyingine, na mbona jumuiya nyingi za aina hii za karne ya 19 zilizodumu zilikuwa za dini?

Mkuu umegusa penyewe, maana sisi tunaosoma historia ni nadra sana kupata mfano kama huu, watu wawili wanacheza kwenye uwanja mmoja na vifaa vilevile halafu mmoja anashinda mwingine anashindwa. Habari ya Mungu kuwabariki sina kipimo chake, hiyo naiacha kwa wenyewe. Ninachokiona mimi ni kwamba dini iliwaruhusu hawa watu kutoza kiingilio kikubwa mno mlangoni na watu wakakilipa kwa moyo mweupe, wakati Owen alifungua geti bure.

Angalia kiingilio chenyewe. Kiongozi wa wale Wajerumani alikuwa George Rapp, mfumaji na mkulima wa mizabibu kutoka Iptingen, Württemberg, jamaa aliyegombana na kanisa la serikali mpaka akawekwa ndani. Mwaka 1803 akavuka bahari kutafuta ardhi, watu wake wakamfuata, na Februari 1805 kule Pennsylvania wakasaini mkataba. Anayeingia anakabidhi mali yake yote. Anaahidi kutii. Anaahidi kwamba hata akiondoka hatodai mshahara wa kazi aliyofanya. Jumuiya nayo inaahidi kumlisha, kumvisha, kumuuguza, kumtunza akizeeka, na akifa watoto wake hawatabaki wanahangaika. Miaka miwili baadaye wakaongeza useja, yaani hata waliokuwa wameoana wakaanza kuishi kama kaka na dada kwa sababu waliamini Yesu anarudi karibuni na hakuna haja ya mambo ya kuzaana. Halafu mwaka 1818, wakiwa wameshahamia huko Indiana kando ya mto Wabash ambako malaria iliwaua wengi miaka ya mwanzo, wakafanya kitu ambacho mimi huwa nakirudia kila nikifundisha hii mada: wakakichoma moto kile kitabu kilichoandikwa nani alikuja na nini. Aliyeleta thamani ya shamba zima na aliyekuja na kapu la nguo, tangu siku hiyo hakuna wa kufungua ukurasa na kusema mimi hiki kilikuwa changu.

Sasa mtu aliyepitia hayo yote, ameacha nchi yake, amekabidhi mali, ameacha hata kitanda cha mke wake, huyo haondoki kwa sababu supu ya leo haina chumvi.

Na hawakuwa watu wa kusali tu. Walikuwa mafundi. Wafumaji, wahunzi, maseremala, watu wa mizabibu, wapikaji wa bia na wiski (ndiyo, wa dini na wiski wanapika, sema soko lilikuwa la watu wa nje zaidi) na bidhaa zao zilishuka na mto mpaka New Orleans. Rapp alikuwa baba wa kiroho lakini hela ilikuwa mikononi mwa Frederick, mwanawe wa kumlea, na huyo alikuwa mfanyabiashara hasa, anajua bei, anajua benki, anajua kuongea na wanasiasa. Mgawanyo huo wa nabii na mhasibu utaukuta karibu kila jumuiya iliyodumu.

Owen alinunua mwanzoni mwa 1825, na kwa upande wa moyo na akili sina neno baya juu yake, New Lanark alikuwa amefanya mambo makubwa, aliwatoa watoto wadogo viwandani akawapa shule. Lakini alitangaza kwamba yeyote mwenye nia njema aje. Wakaja. Wakajaa mia nane na zaidi, wapo waaminifu kweli, wapo waliokuwa wanakimbia madeni, wapo wa kula kulala, na hakuna aliyekuwa anawachuja. Owen mwenyewe akaondoka kurudi Uingereza akamwachia kijana wake William awaangalie, aliporudi Januari 1826 akaja na boti imejaa wasomi, watu wa maana kabisa, William Maclure mtaalamu wa miamba, Thomas Say wa wadudu, Lesueur mchoraji, kwa hiyo mji ukapata maktaba na mihadhara na dansi za jioni huku kazi za mikono zikikosa mafundi wa kutosha maana wenye ujuzi walikuwa wameondoka na Rapp! Katiba zikaandikwa moja baada ya nyingine, mji ukagawanyika vikundi vikundi, na Julai 4, 1826 Owen akasimama kutangaza kwamba adui wa binadamu ni watatu: mali binafsi, dini na ndoa. Mwaka uliofuata akaondoka. Ila ona, mali yenyewe bado ilikuwa kwa jina lake. Watu waliambiwa ni ya wote ila wote walijua nani mwenye nyumba, na mpangaji hachomi kitabu cha mtu.

Najua wengi hapa mtakimbilia vijiji vya ujamaa. Sitaki kuingia huko kwa sababu kile ni kitu kingine, kule serikali ndiyo ilihamisha watu, hawa tunaowaongelea hakuna aliyeswagwa, walikuja kwa miguu yao na mlango wa kutokea ulikuwepo.

Turudi kwenye hoja. Mwanasosholojia Rosabeth Moss Kanter mwaka 1972 alichukua jumuiya 30 za Marekani zilizoanzishwa kati ya 1780 na 1860, akazihesabu zilizodumu angalau miaka 25. Akapata 9. Zote 9 zilikuwa na mzizi wa dini. Na hizo ndizo zilizokuwa zinadai makubwa: toa mali, vaa sawa na wenzako, jikane, kaa mbali na dunia. Miaka ya 2000 wakaja wengine, Richard Sosis na mwenzake, wakaangalia jumuiya 83 wakakuta kitu cha kushangaza kidogo: kwenye za dini, masharti yakiwa magumu zaidi jumuiya inaishi zaidi. Kwenye zisizo za dini masharti magumu hayasaidii chochote. Yaani ukimwambia mtu asinywe kahawa kwa sababu Mungu kasema, anaacha na anajiona kasogea mbinguni. Ukimwambia asinywe kahawa kwa sababu kamati imekaa Jumanne ikaona hivyo, atauliza kamati ilikuwa na nani na kwa nini yeye hakuitwa.

Mfano wa hilo la pili ni Fruitlands, Massachusetts, 1843. Bronson Alcott na wenzake walikuwa watu wa mambo ya roho lakini sio kanisa wala imani moja, wakajiwekea masharti kuliko hata watawa: hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna nguo za pamba kwa sababu ni jasho la watumwa, hakuna sufu kwa sababu ni ya kondoo. Walianza Juni, Januari wameshatawanyika. Wanafalsafa wengi, wakulima haba.

Lakini mkuu usije ukaondoka hapa unasema basi dini peke yake inatosha, maana za dini zilizokufa nazo ni nyingi tu. Hopedale, Massachusetts hiyo hiyo, ilianzishwa 1842 na mchungaji Adin Ballou, Wakristo safi, wapinga vita, wapinga utumwa, wapinga pombe. Kosa lao lilikuwa moja, waliendesha kwa hisa na hisa zilibaki za mtu binafsi. Ndugu wawili wa ukoo wa Draper, Ebenezer na George, wakafika kumiliki kama robo tatu ya hisa zote, na mwaka 1856 wakasema sisi tunatoa chetu. Kwisha habari. Mji ukageuka mji wa kiwanda cha familia ya Draper, Ballou akabaki na mahubiri yake. Linganisha na kile kitabu cha Rapp kilichochomwa utaelewa.

Au Bishop Hill, Illinois, Waswidi waliomfuata nabii Erik Jansson mwaka 1846. Jansson alipigwa risasi 1850 na mtu waliyegombana kwa ajili ya mke wake aliyekuwa ndani ya jumuiya. Hata hapo hawakufa! Walijijenga upya wakawa na mali nyingi, kilichowamaliza ni mhasibu, Olof Johnson, aliyeingiza hela ya jumuiya kwenye miradi ya kubahatisha, mtikisiko wa uchumi wa 1857 ukawakuta wana madeni, mwaka 1861 wakagawana. Nabii alizikwa wakaendelea, hesabu zikawashinda.

Sasa ngoja nikae kidogo kwa Washaker, kikundi cha Kikristo cha useja, kwa sababu wao ndio walioufanya huu mchezo kuwa sayansi. Mama Ann Lee, mwanamke wa Manchester asiyejua kusoma, mtoto wa mhunzi, alizaa watoto wanne wakafa wote, akapata ufunuo kwamba mzizi wa dhambi ni tendo la ndoa, akavuka kwenda New York mwaka 1774 na wafuasi wanane. Akafa 1784. Kwa kawaida kikundi kama hicho huzikwa na mwenyewe. Wao wakaja Joseph Meacham na Lucy Wright wakaweka mpangilio: watu wanaishi kwa makundi waliyoyaita familia, kila familia ina wazee wawili wanaume na wawili wanawake wa mambo ya roho, ina wasimamizi wa kazi, na ina wadhamini ambao ndio pekee wanaofanya biashara na watu wa nje. Ukija hupokelewi siku hiyo hiyo kuwa memba kamili. Unaungama kwanza dhambi zako zote mbele ya mzee, unalipa madeni yako ya nje, unakaa ngazi ya chini ambako mali yako bado ni yako, wanakutazama, na wewe unawatazama, ndipo baadaye unasaini lile agano la kutoa kila kitu. Katikati ya karne ya 19 walikuwa maelfu, kwenye makazi kumi na kadhaa kutoka Maine mpaka Kentucky.

Walikuwa na tatizo la kuchekesha. Watu wenye njaa walikuwa wanagundua imani kila ikifika Novemba. Wanaungama, wanaimba, wanacheza ibada, wanakula vizuri, theluji ikiyeyuka imani nayo inayeyuka. Wakawaita Washaker wa majira ya baridi. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wao jembe walikuwa nalo: mbegu za mboga walizozipaki kwenye vipakiti vya karatasi na kuziuza kwa mikokoteni nchi nzima, mafagio bapa, viti, dawa za mitishamba. Jina lao sokoni lilikuwa sawa na muhuri wa ubora, ukinunua fagio la Shaker umenunua fagio. Na huo ubora ulitokana na imani, walifundishwa kwamba kazi ya mkono ni ibada.

Upande wa giza upo, nisiufiche. Mwanaume akijiunga na watoto wake, mama aliyekataa anabaki nje analia. Eunice Chapman alipambana miaka na miaka kwa sababu mumewe James aliwapeleka watoto kwa Washaker, mpaka mwaka 1818 bunge la jimbo la New York likapitisha sheria maalum ya kumpa talaka. Gharama kubwa mlangoni wakati mwingine ilikuwa inalipwa na mtu asiyeingia.

Na sheria iliwasaidia, hili watu wanalisahau. Adui mkubwa wa mali ya pamoja ni memba aliyeondoka na hasira, au mrithi wake, anakuja na wakili anadai fungu lake. Kesi zilifika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1852 warithi wa memba mmoja wa Zoar, jumuiya ya Wajerumani kule Ohio, walidai mgao, wakaambiwa marehemu wenu hakuwa na chochote cha kwake cha kurithisha. Mwaka 1856 ikaja ya Nachtrieb aliyetoka kwa Rapp, akakuta risiti ya dola 200 aliyosaini wakati anaondoka inatosha kumfunga mdomo. Mahakama ingeamua kinyume, kila aliyekasirika angeondoka na tofali lake na nyumba ingeisha.

Zoar wenyewe niwataje kwa mstari mmoja zaidi kwa sababu walifika kwenye ujamaa kwa njia ya nyuma: walipofika 1817 hawakupanga kabisa kuchanganya mali, kila mtu alikuwa alime chake, wakaona wazee na maskini watashindwa kulipa deni la ardhi, mwaka 1819 wakaunganisha vyote. Kilichowaokoa na deni ni vibarua vya kuchimba mfereji wa Ohio na Erie uliopita kwenye ardhi yao. Wakadumu mpaka 1898. Ona tena, walikuwa wameshakuwa kundi moja kabla, lugha moja, mateso mamoja huko kwao, mali ya pamoja ilikuja baadaye. Owen alianza na mali ya pamoja akitumaini kundi litajitokeza lenyewe.

Sasa tuseme ukweli kuhusu neno kufanikiwa, kwa sababu hapo ndipo mimi na wenzangu wengi hatuelewani. Wa Rapp walidumu miaka mia moja, sawa, lakini kwa namna gani? Mwaka 1831 alitokea tapeli mmoja kutoka Ujerumani akajiita Simba wa Yuda na Count de Leon, akawaambia vijana kuoa ruksa, mwaka uliofuata theluthi ya watu wakaondoka naye na dola 105,000 za fidia. Waliobaki wakazeeka. Wakawa matajiri wa kutisha, reli, mafuta, viwanda, na hakuna mtoto. Walipofunga mwaka 1905 ilikuwa ni mali nyingi inayolindwa na watu wa kuhesabika kwa vidole. Washaker hivyo hivyo, leo wamebaki wawili watatu kule Sabbathday Lake, Maine. Useja unakupa watu waaminifu sana, kizazi kimoja kimoja.

Waliozaa nao walikutana na mtihani mwingine, mtoto hakulipa kiingilio. Amezaliwa ndani, kwake ile jumuiya ni nyumbani tu. John Humphrey Noyes, kiongozi wa jumuiya ya Oneida kule New York, yule wa ndoa ya wote kwa wote, alikuwa anachagua memba kama mtu anachagua mbegu, akawa na kikao cha kukosoana ambapo mtu anakaa kimya wenzake wanamchambua, na hela ilitoka kwenye mitego ya wanyama ya Sewell Newhouse, kisha nyuzi za hariri. Akawapeleka vijana chuo kikuu cha Yale. Wakarudi na sayansi. Mwanawe Theodore, aliyetaka awe mrithi wake, alirudi daktari asiyeamini. Mwaka 1879 Noyes akakimbilia Canada usiku akihofia kukamatwa, na Januari 1881 jumuiya ikageuka kampuni ya hisa iliyokuja kujulikana kwa vijiko na uma. Amana, kule Iowa, vijiji saba vyenye ibada kumi na moja kwa wiki, walikwenda taratibu zaidi. Walikuwa na majiko ya pamoja, watu thelathini arobaini mezani, kidogo kidogo wakaanza kuja na vikapu kuchukua chakula wakale nyumbani kwao. Mimi nasema Amana ilianza kufa siku kile kikapu cha kwanza kilipotoka mlango wa jikoni, ingawa kura ya kutenganisha kanisa na biashara ilikuja baadaye na kampuni ikaanza 1932.

Kwa hiyo kama unataka walioshinda kweli, waliozaa na wakabaki, angalia Wahutterite, kundi lingine la Kikristo, waliofika Dakota Kusini kuanzia 1874 wakitokea Urusi. Walikuja kama 1,200 na kati yao ni kama 400 tu waliochagua kuishi kwa mali ya pamoja, leo wazao wao ni makumi ya maelfu, wengi wako Canada walikokimbilia baada ya kuteswa mwaka 1918 wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia kwa kukataa kuvaa sare. Wao wanajua kwamba mtoto hakulipa kiingilio, kwa hiyo wanabatiza mtu mzima tu, akiomba mwenyewe, mara nyingi ameshavuka 20. Na wanajua kwamba watu wakizidi sana kazi zinakosekana, wavivu wanajificha, na vijana hawapati nafasi za uongozi. Koloni ikikaribia watu 150 wananunua ardhi nyingine, wanajenga, wanatengeneza orodha mbili zenye familia za wazee na za vijana kwa uwiano. Kwenye makoloni mengi orodha zote mbili hufunga mizigo, maana hakuna anayejua nani anahama, kisha wanasali na kura inapigwa. Nusu wanapanda magari, nusu wanaanza kufungua masanduku.